Uzoefu wangu na koli za kuitia elki: misimu mitatu Idaho, zilizonifaa na zilizokula hela bure

Vijana wetu wa hapa Boise, jimbo la Idaho Marekani, waliomaliza kozi ya uwindaji mwaka huu wananiuliza kila siku ninunue koli gani, ninunue koli gani (koli ni kifaa cha kuigia sauti ya mnyama ili aje), basi nimeona niandike yote mara moja. Nimetumia aina nne kwa misimu mitatu, zote kwa hela yangu, hakuna aliyenipa kitu bure. Kama una haraka jibu ni hili: anza na ile ya kuuma mdomoni, dola ishirini hivi, afu chukua dayaframu mbili za utando mmoja, zile zinazokaa ndani ya mdomo, na uanze mazoezi mwezi wa tano, sio wiki moja kabla ya msimu. Bomba la kuigia mluzi wa dume liache kwanza, halikimbii.

Kwa ambao hawajawahi kumuona, elki ni ndugu mkubwa wa hawa dia (deer) tunaowaona barabarani. Dume anafika kilo 300 na kupita, yaani anamzidi tandala, pembe zake zina matawi, zinadondoka kila mwaka winta ikiisha na zinaota upya. Septemba ndo wanapandana na hapo ndo porini kunakuwa na kelele, dume anaanza na sauti nzito ya chini, anapanda nayo mpaka inakuwa mluzi mwembamba unaokata masikio, afu anamalizia na mikoromo mitatu minne ya kifuani. Ukiisikia mara ya kwanza gizani alfajiri nywele zinasimama. Jike yeye analia mlio mfupi, unaanza juu unateremka, kama miiiyu, ndama hivohivo ila mwembamba zaidi. Na kuna mbweko, sauti moja kali kama ya mbwa, hiyo ukiisikia jua umeshaonekana.

Mi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu Tanzania, ila babu yangu alikuwa mtu wa Itombwe upande wa Fizi kule Kongo, na jioni alikuwa anatuonyesha alivyokuwa anamuita mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Anaziba pua kwa vidole viwili, anabana koo, inatoka sauti ya puani kama kitoto cha mbuzi kimenaswa mahali. Kambini hakukuwa na mboloko wa kuitwa, alikuwa anatuonyesha tu, na sisi watoto tunarudia mpaka tunalala. Kwahiyo mzee mmoja wa kazini hapa Idaho aliponiambia elki wanaitwa kwa sauti, mwenzangu mmoja alicheka, mi nikamuuliza mzee, unaziba pua au hauzibi? Akaniangalia sana, afu akasema njoo Jumamosi. Huyo mzee ndo mwalimu wangu mpaka leo.

Kabla ya koli, mambo ya sheria haraka haraka. Idaho ukiwa umezaliwa 1975 au baada ya hapo lazima uwe na kozi ya uwindaji ndo uuziwe leseni, na ukitaka msimu wa upinde kuna kozi nyingine ya upinde juu yake. Tagi ya elki, yaani kibali cha kumuua mmoja, unanunua ya zoni fulani, sio ya Idaho nzima. Na hili wengi hawalijui: kucheza sauti za elki kwa spika au simu porini hairuhusiwi kwenye kuwinda elki. Simu tumia nyumbani kusikiliza na kujifunza, porini ni pumzi yako.

Koli yangu ya kwanza ilikuwa ya kubonyeza, ile yenye kifuko cha mpira, unabonyeza inalia yenyewe. Nilitoa dola 18. Kampuni sitaitaja sababu shida ninayoisema ni ya aina yote hiyo, sio ya kampuni moja. Sauti yake ni nzuri toka siku ya kwanza, siwezi kusema uongo, hata mtoto wa miaka mitano anaipatia. Ila inasema neno moja tu, na inataka mkono, na wewe mikono yako miwili iko kwenye upinde. Tena inaweza kulia bila wewe kutaka. Msimu wa kwanza nilikuwa nimeinama chini ya msonobari, jike na ndama wake wako mbele yangu kama mita hamsini wanakula hawana habari, nikajisogeza kidogo, begi likagusa gogo, koli ikalia miyuuu ndani ya begi kwa sauti kubwa. Jike aliinua kichwa, akanitazama mimi hasa, sio msonobari, akabweka mara moja, na kilima kizima kikawa kitupu. Niliumia sana, nilikuwa nimetembea toka saa kumi usiku. Toka hapo naiacha kwenye gari.

Ya pili ndo hii ya kuuma. Ni kipande cha plastiki chenye ulimi mwembamba juu, unaubana kwa midomo unapuliza. Ukibana zaidi sauti inapanda, ukilegeza inashuka, basi, siri yote iko hapo. Mlio wa jike ni kubana afu kulegeza taratibu. Wiki mbili nilikuwa naupata vizuri, na ukitaka wa ndama unabana zaidi na unakata mapema. Ukitaka jike anayelalamika unavuta, miiiiiiyuuu, kama mtu anayeomba kitu mara ya tatu. Kwa mtu anayeanza sioni kinachoizidi, na ukiwa umekaa nyuma unamuitia mwenzako mwenye upinde, hiyo moja inatosha msimu mzima.

Sasa dayaframu, hapa nitakaa kidogo sababu ndo inayowashinda watu na ndo ninayoipenda. Ni kitu kidogo, ukikiweka kwenye kiganja kinafanana na kiatu cha farasi, fremu ya chuma ya umbo la U imezungushiwa tepu, katikati kuna utando wa mpira umevutwa ukakaza. Unakiweka kwenye paa la mdomo, upande ulio wazi wa ile U unatazama meno ya mbele, ulimi unakaa chini yake. Hewa inapita kati ya ulimi na utando, utando unatetemeka, sauti inatoka. Mikono haina kazi. Ukiuona mdomo wangu hujui kama kuna kitu ndani.

Usiku wa kwanza nilitaka kutapika. Mate yakajaa, macho yakatoa machozi, nikakitoa nikakiweka mezani nikasema hiki sio cha watu. Mzee akaniambia nikate ile tepu ya pembeni kwa mkasi, kidogo kidogo, tepu tu, usiguse fremu wala utando, mpaka kikae bila kusukuma koo. Kumbe midomo yetu haina ukubwa mmoja na hivi vitu vinauzwa vya saizi tofauti, mi nilikuwa nimechukua kikubwa. Kama na wewe unasikia kichefuchefu usilazimishe, kata tepu au badilisha saizi.

Afu mazoezi. Nafanya kazi Nampa, kutoka Boise kwa barabara kuu ya I-84 ni nusu saa kukiwa hakuna foleni, hiyo ndo ilikuwa shule yangu, kwenda na kurudi, madirisha yamefungwa. Wiki ya kwanza ilikuwa ni hewa tu, ssss, hakuna kitu. Wiki ya pili mluzi wa ovyo kama birika. Kosa langu lilikuwa napuliza kwa mashavu. Siku moja nikakumbuka mwalimu wetu wa kwaya kambini alikuwa anapita anatugonga tumbo kwa ngumi, anasema sauti haikai shingoni, iko hapa. Nikasukuma kutoka tumboni, nikabana ulimi kidogo tu, na sauti ikatoka, moja, imenyooka, safi. Nilikaa na hiyo sauti moja siku kadhaa bila kujaribu kingine. Baadae ndo nikaanza kuishusha, unateremsha taya na kulegeza ulimi kwa pamoja, na hapo ndo ukapatikana ule mlio wa babu wa puani, unaokwaruza kidogo, sio mtamu. Na usiogope mkwaruzo. Mama watoto alinifukuza sebuleni na alikuwa na haki, nikawa nafanyia kwenye parking.

Nilikuwa naangalia sana video za mashindano ya dunia ya kuita elki, yale yanayoandaliwa na Rocky Mountain Elk Foundation, taasisi iliyoanzishwa 1984, makao yake yako Missoula kule Montana. Wale watu ni hatari, wanatoa sauti zote na mapambo yake. Mi nilikata tamaa kwanza nikajua sitafika. Mpaka nilipowasikia majike wenyewe, kundi la kama ishirini bondeni juu ya Idaho City asubuhi moja, wanalia vibaya kuliko mimi! Mmoja sauti imekatika, mwingine kama bawaba ya mlango. Elki hatoi maksi kama jaji, anachosikiliza ni kama kweli kuna mwenzake pale, na mwenzake huyo anafanya nini.

Hapo ndo nilipokosea msimu wa kwanza. Nilikuwa naita kila dakika tano kama kondakta, toka asubuhi mpaka jioni, na majike wa kweli hawaongei hivo, wanalia kidogo wanakaa kimya wanakula wanatembea. Na nilikuwa sijui upepo. Asubuhi jua likishapasha mlima hewa inapanda juu, jioni kukipoa inashuka bondeni, na dume ukimuita karibu kila mara anazunguka aje kwa upande atakaokunusa kabla hajajionyesha. Mi nilikaa juu jioni, yeye yuko chini, harufu yangu yote inamshukia. Nilisikia vijiti vinavunjika karibu sana, afu vinavunjika mbali, basi. Koli ya dola 100 isingenisaidia pale. Siku hizi natembea na kichupa cha unga mweupe, nabonyeza naangalia vumbi linaelekea wapi ndo naamua pa kukaa.

Msimu wa pili nilikuwa muitaji tu. Mzee na upinde wake mbele, mi nyuma yake kama mita arobaini, maana dume akija huwa anasimama mbali kidogo na sauti anamtafuta huyo jike kwa macho, na pale anaposimama ndo panatakiwa pawe na mwenye upinde. Nilitoa milio miwili, nikanyamaza, nikavunja kijiti kwa mguu kama jike anatembea, nikanyamaza tena kwa muda mrefu mpaka nikahisi nimeharibu. Akaja kimya bila mluzi wowote. Shingo imejaa tope, na harufu yake niliipata kabla ya kumuona, mkojo mkali kama zizi la mbuzi madume. Mzee alimpiga, tukagawana nyama nusu kwa nusu, na majirani zetu wa Kongo na Burundi hapa kwenye apatimenti wote walikula.

Ila iliyonifanya niandike haya ni ya msimu wa tatu, peke yangu, dayaframu mdomoni. Dume alikuwa anapita kati ya misonobari hasimami, mita ishirini na tano hivi, mi nimeshavuta upinde, mikono imeanza kutetemeka, na mnyama anayetembea hapigwi. Nikatoa mlio mmoja, mfupi, hata sikuufikiria. Miyu. Akasimama palepale, akageuza kichwa kwangu, bega liko wazi. Ingekuwa ya kubonyeza ningefanyaje? Ya kuuma yenyewe ilikuwa inaning'inia kifuani, nani aishike?

Bomba nilinunua dola 45, na kwa mwenye kuanza nasema lisubiri. Dume mwenye majike yake akisikia dume mwingine karibu mara nyingi anakusanya majike anaondoka nao, hataki ugomvi wa bure, na wewe unabaki na mluzi wako. Mi nalitumia alfajiri tu nikiwa mbali, mara moja, nijue wako bonde gani, afu narudi kwenye sauti ya jike. Na jamani, hili lichukueni kwa uzito: kwenye misitu ya umma anayekujibu anaweza kuwa binadamu mwenye koli kama wewe. Usielekeze mshale kwenye sauti hata siku moja, mpaka umemuona mnyama mzima kwa macho yako. Ukihisi ni mtu, ongea kwa sauti ya kawaida, siku yako ya uwindaji itaharibika kidogo lakini hakuna atakayeumia.

Dayaframu zenyewe ni dola 9 hivi na zinachoka, mi msimu unamaliza tatu. Usiache kwenye dashibodi ya gari, jua linaua ule mpira. Ukimaliza suuza kwa maji, acha ikauke, kama ina tando mbili weka kijiti cha meno katikati zisigandane, afu iweke kwenye friji ndani ya kikopo. Andika jina juu ya kikopo, mwanangu wa kati alishazichukua mbili na sasa mlio wa ndama anautoa kuliko mimi.