Droo na Kitanda Nyuma ya 4x4: Reli za Chuma Zimenitoa Jasho

Sikilizeni hii kwanza. Krrrk! Mmeisikia? Hiyo ni droo ya kushoto, tupu, haina hata spana moja ndani. Sasa hii ya kulia... Mmesikia nini? Hamna kitu. Droo mbili, plaiwudi ileile, fundi yuleyule ambaye ni mimi, lakini moja naipenda na nyingine natamani kuichoma moto. Karibuni tena kwenye chaneli. Leo tunaichambua ile kazi niliyojijengea nyuma ya gari, droo chini na kitanda juu, baada ya kuitumia safarini na kuitukana vya kutosha.

Fremu naipitia mbiombio, mliiona ikijengwa: juu plaiwudi ya milimita 18, masanduku ya droo milimita 12, zulia, basi. Wanaouliza kwa nini sikuweka 18 kote, nyanyueni shiti moja nzima, ile ya sentimita 244 kwa 122. Inaweza kuvuka kilo 30, halafu bado hujaweka friji, maji, wala mwenyewe hujapanda. Fungua mlango wa dereva usome kile kibandiko cha uzito kwenye fremu. Wengi hawajawahi kukitazama.

Haya, tuje kwenye reli za droo ya kushoto, vile vyuma vya pembeni vinavyoitelezesha. Sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Unaona huu uwazi kati ya boksi na ukuta? Reli nzito kama hizi zinadai milimita 19 kila upande, yaani 38 kwa droo moja, na huko hupitishi kitu. Hilo ningelisamehe. Lakini tazama futi kamba: mbele 412... nyuma 414. Milimita mbili tu! Nilikosea mimi, sikatai, ila reli hazijui msamaha. Droo inaenda, inaenda, hapa inabana. Krrrk. Nimelegeza skrubu, nimeweka vipande vya kadibodi, nimepiga nyundo, nimeongea nayo kwa upole. Inabana palepale.

Na loki, ile inayoizuia droo isitembee yenyewe! Iko kushoto na kulia, kwa hiyo lazima ubonyeze zote mbili kwa pamoja, mikono miwili. Sasa ni usiku, mvua inanyesha, tochi umeiuma kwa meno, unatafuta soksi. Halafu pitisha kidole kwenye reli. Ona. Grisi na vumbi vimekuwa uji mweusi, na huu uji una mchanga, unatafuna gololi kila ukivuta.

Ya kulia haina reli kabisa. Nimebandika vipande vyembamba vya nailoni chini ya boksi na kwenye sakafu yake, plastiki inateleza juu ya plastiki. Vumbi likiingia, nafuta kwa kitambaa. Haikwaruzi, haidai vipimo vya mfua dhahabu, na gharama yake ni ya kuchekesha ukilinganisha na reli, ambazo zilimeza karibu nusu ya fedha ya mradi wote. Nusu!

Ngoja, nisiwadanganye. Siku ya tatu niliegesha kwenye mteremko, nyuma kukiwa chini. Nikafungua droo hii ninayoisifu, imejaa vifaa, kama kilo 40. Kwa mwinamo wa nyuzi 15, droo ya namna hiyo inakusukuma kwa uzito wa kilo 10 hivi, ukiacha msuguano. Alama hii hapa kwenye muundi ndiyo kazi yake. Sasa nimeifungia komeo la kawaida la dirisha, kwa nje. Tena ukiivuta hadi mwisho inainamisha pua, kwa sababu hakuna kinachoibeba. Kwa hiyo friji siwezi kuiweka humu. Friji inataka itoke nzima ili kifuniko kifunguke, na hapo, ninasema huku nimekunja uso, reli ya chuma yenye loki ndiyo mwenyewe. Basi ya kushoto naibomoa, naipanga upya, inakuwa ya friji. Mlioandika kwenye komenti kwamba nitarudi kwenye reli, haya, furahini.

Mtaniuliza kuhusu zile droo za alumini zinazouzwa tayari. Nzuri, nyepesi, hazilii. Ila ukitajiwa bei unarudi nyumbani kunoa msumeno.

Kitanda nacho nakipenda. Siti za mbele nasukuma mbele, nakunjua hiki kibao chenye bawaba, napata sentimita 185. Kasoro ni kimo: droo sentimita 30, godoro 8, kukaa wima sahau, suruali unavaa umelala kama samaki. Na acheni vioo wazi kidogo pande mbili, la sivyo asubuhi pumzi yenu inawadondokea usoni kama mvua. Jiko halipikiwi humu ndani, wala injini haiachwi ikinguruma mkiwa mmelala. Moshi una kaboni monoksidi, gesi ya sumu, haina harufu, haikuamshi.

Jambo moja lililonikera kwenye video ya jamaa mmoja: amefunga fremu kwa skrubu za mbao, moja kwa moja kwenye sakafu ya gari. Chini pale huenda kuna tangi au bomba la mafuta! Mimi nimetumia matundu yaleyale ya kiwandani ya kufungia mizigo, bolti za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, nne. Ukifunga breki ghafla, hili kabati lisikupite likielekea kwenye kioo.

Video ya betri ya pili imechelewa, maikrofoni ilimwagikiwa maji. Inakuja, gonga kengele. Sasa nishikieni taa, natoa hii reli leo leo... Krrrk. Unaona? Hata kutoka haitaki.