Chombo cha buluu cha "kifalme" nilichouziwa Jingdezhen kinavuja

Mnisamehe, naandika nikiwa na hasira. Jingdezhen, mji wa kauri huko China, kuna maduka chungu nzima ya nakala za vyombo vya kifalme, na katika mojawapo ndimo nilimopigwa.

Muuzaji alinionyesha chombo cha maua cha buluu tupu, nzito, bila picha yoyote. Maneno anayo! Sikatai, mengi yalikuwa kweli. Kwamba buluu ile ni ya kobalti. Kwamba mwaka 1748 Qianlong, mfalme wa China, alipanga upya vyombo vya ibada, vikawa vya kauri: buluu kwa Hekalu la Mbingu, njano kwa Ardhi, nyekundu kwa Jua, buluu iliyopauka kwa Mwezi. Akatoa na simu, nione habari ya mwaka 2022 ya chombo cha buluu kilichokuwa kimekaa jikoni kwa watu Uingereza, kikaja kuuzwa zaidi ya pauni milioni moja. Changu nacho kina maandishi ya Qianlong kitakoni. Nilijua ni nakala, bei yake tu ilitosha kunijulisha. Shida yangu ilikuwa kutia maua.

Nikatia. Kulipokucha meza chapachapa, kitambaa cha watu kimeharibika. Maji yanapenyea kitakoni, pale pasipopakwa rangi. Sasa kauri iliyochomwa kwenye nyuzi 1,300 hivi hushikana ikawa kama kioo, hainywi maji hata ukiiacha bila rangi. Hiki kimetolewa tanurini hakijaiva, basi.

Nikakirudisha. Yule bwana hata kwenye kigoda hakuinuka, anatafuna mbegu za alizeti: "Nani kakwambia utie maji? Chombo cha mfalme ni cha kutazama."

Weee! Qianlong huyohuyo alikuwa na vyombo vya maua vya kutundika ndani ya machela yake, na mashairi akavitungia! Hata madhabahuni seti ni ya vitu vitano: chetezo kimoja, vinara viwili, na vyombo viwili vya maua. Na mimi ni mtu wa pwani, wazee wetu walipachika kauri za Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi. Nije kufundishwa matumizi ya kauri na mtu anayenitemea maganda miguuni?

Hela hakurudisha. Nilipozidi kusema akaongeza sauti ya televisheni.

Nyota moja, na hiyo moja kwa sababu sifuri haipo. Ila nisiwe mwongo, ile buluu ni balaa. Nimekiweka juu ya kabati kikavu, na kila mgeni anauliza nimekipata wapi. Wallahi, juzi nimemwelekeza mtu dukani kwa yule yule! Haya, ziwe mbili. Ya pili ni ya fundi aliyechanganya rangi, muuzaji asije akadhani ni yake.