ExpressionSet: kasha zuri, ila namba zikague mwenyewe

Wanaonijua hapa Tudor, Mombasa, wanajua mimi si mwepesi wa kusifu programu. Lakini ExpressionSet, yaani kasha la kuhifadhia vipimo vya jeni, inayokuja na kifurushi cha Biobase cha mradi wa Bioconductor (vifurushi vya R vya kuchambua data za biolojia), naipa haki yake. Tena ni ya bure, kama R yenyewe, lugha ya takwimu inayoiendesha.

Wengi bado wanabeba mafaili mawili ya Excel: moja la vipimo vya jeni, jingine la wagonjwa. Mtu akipanga upya moja akasahau la pili, basi mgonjwa wa malaria keshakuwa mzima kwenye karatasi. Na Excel ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikigeuza jeni MARCH1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 wenye kamati ya majina ya jeni wakaona nafuu wabadilishe majina!

ExpressionSet inaviweka vyote pamoja: jedwali la vipimo (exprs), jeni zikishuka na sampuli zikienda kando, maelezo ya sampuli (pData), maelezo ya probu, vile vipande vya DNA vinavyonasa jeni (fData), na jina la chipu, kibao kinachobeba probu hizo. Utamu wake ni kwenye kukata. Ni kama doti ya kanga: ukiikata, kila kipande kinaondoka na mji wake, pindo lake na jina lake. Andika eset[, eset$jinsia == "F"] na maelezo yanapungua pamoja na vipimo, bila wewe kugusa kitu. Majina ya sampuli yasipolingana, inagoma palepale.

Uzito si tatizo. Chipu ya Affymetrix U133 Plus 2.0 ina seti za probu 54,675. Sampuli 100 ni takriban MB 44 tu, laptopu yangu kuukuu haihisi. Ukishusha data kutoka GEO, ghala la umma la data za jeni, kwa amri ya getGEO, utapewa orodha hata kama kilichomo ni kimoja, kwa hiyo malizia na [[1]]. Safu za maelezo nazo zitakuja na majina ya ajabu kama characteristics_ch1. Zipe majina ya kibinadamu mapema.

Sasa lawama. Kasha hili linalinda lebo, halilindi maana ya namba. Data ya chipu ikisawazishwa kwa njia ya rma inatoka kwenye logi ya 2 (logi yenye kizio cha 2). Kwa njia ya mas5 inatoka bila logi. Zote mbili zinaitwa ExpressionSet, na kwa nje huzitofautishi. Ukizipeleka namba za mas5 hivyo hivyo kwa limma, kifurushi cha kulinganisha jeni kati ya makundi, itakupa majibu bila kukohoa, na majibu yenyewe ni upuzi. Basi anza na range(exprs(eset)), ikuonyeshe namba ndogo na kubwa kabisa. Skana inayosoma chipu haisomi zaidi ya 65,535, ambayo kwa logi ya 2 ni 16. Ukiona 9,000 mle ndani, jua logi haijapita.

Wa RNA-seq, wanaopima jeni kwa kusoma mfuatano wa RNA badala ya chipu, wachukue kasha la SummarizedExperiment, inayobeba majedwali kadhaa pamoja na mahali jeni ilipo kwenye kromosomu. Kasha la zamani linahamishika kwa makeSummarizedExperimentFromExpressionSet. Jina refu kama treni ya Nairobi, lakini inafanya kazi.