Uzoefu wangu: maonyesho ya kalamu za wino ya Washington DC, na namna ya kujipanga kama ndo mara yako ya kwanza

Habarini wadau. Kuna ndugu zetu wa huku Maryland na Virginia wananiuliza sana kuhusu yale maonyesho ya kalamu za wino, zile za kujaza wino wa chupa, ya kila Agosti, DC Fountain Pen Supershow, kama yanamfaa mtu ambaye siyo mkusanyaji, ana kalamu mbili tatu tu nyumbani. Jibu langu ndiyo, na kwa maoni yangu yanamfaa huyo kuliko mwenye kabati limejaa, maana mwenye kabati anajua tayari mkono wake unataka nini, we bado, na hakuna sehemu nyingine nnayoijua ambapo unaweza kushika kalamu nyingi hivo kwa siku moja kabla hujatoa hela. Upande wa kalamu na watu naipa nyota tano. Upande wa chakula nyota mbili, ntafika huko.

Jina lisikuchanganye, inaitwa DC lakini haifanyiki ndani ya Washington, huwa ni hotelini upande wa kaskazini mwa Virginia. Nilipoenda mimi ilikuwa Falls Church, zamani iliwahi kuwa Tysons, kwaiyo angalia tangazo la mwaka husika kabla hujakata chumba. Mi natokea Silver Spring, nilipanda Red Line mpaka Metro Center nkabadilisha Orange Line mpaka Dunn Loring, pale nkaita Uber siyo mbali. Mwenye gari parking ipo ila Jumamosi asubuhi utazunguka.

Siku ndo jambo la kwanza la kupanga. Shughuli inaanza Alhamisi mpaka Jumapili, Jumamosi na Jumapili ndo za watu wote kwa tiketi ya siku, zile za mwanzo ni za wenye pasi ya wikiendi nzima ambayo ni ghali zaidi. Wengi watakwambia we mgeni nenda Jumamosi. Mi sikubaliani. Jumamosi kunajaa mpaka unasubiri mtu aondoke mezani ndo uone kilichopo, na muuzaji ana wateja wanne mbele yake hana muda wa kukuelekeza. Kama una uwezo chukua pasi uende Ijumaa, bado mzigo wote upo, watu wametulia, unaweza kuvuta kiti ukaongea na mtu hata nusu saa. Kama huna uwezo huo nenda Jumamosi mlango unapofunguliwa, zunguka ukumbi mzima bila kununua, alafu rudi kwenye meza ulizozipenda. Ukumbi ni mkubwa, na nje ya ukumbi kuna meza kwenye korido na vyumba vya pembeni, usiishie kwenye ule mlango mkubwa.

Kabla hujaondoka nyumbani jiulize unaandika nini kila siku na kwenye karatasi gani. Mimi ni nesi, naandika noti fupi fupi kwenye karatasi za ofisini za bei rahisi, zile wino ukigusa unasambaa kama mizizi, alafu ni mtu wa mkono wa kushoto. Sisi wa kushoto wengi wetu tunaisukuma nibu, kile kipande cha mbele cha kuandikia, badala ya kuivuta, na kiganja kinapita juu ya maandishi kabla hayajakauka. Ndo maana mtandaoni nilikuwa nashindwa kuchagua, reviu zote zimeandikwa na watu wa kulia wanasema nibu hii laini kama siagi, ukiishika wewe inakwaruza. Kwaiyo nilienda na malengo mawili tu: kalamu moja ya zamani yenye nibu nyembamba ya kazini, na fundi wa kuitengeneza kalamu yangu ya Lamy 2000 ambayo ilikuwa inagoma nikiigeuza kidogo tu. Nashauri sana na we uende na malengo machache kama hayo ukiwa na bajeti yake kwenye bahasha, maana pale macho yanavutwa kila upande.

Na bahasha iwe ya keshi kweli, noti za 20 na za 10. Wengi wanapokea kadi siku hizi, lakini wale wazee wenye trei za kalamu za zamani keshi inawafurahisha na ndo inaleta punguzo. Siyo Kariakoo lakini, bei haijapandishwa ili ishuke nusu, ukisema kwa heshima nina 90 keshi kwa kalamu ya 105 mara nyingi mnaelewana, ukisema 50 umemkosea mtu. Beba na lenzi ndogo kama ya sonara, ya kukuza mara 10 inatosha, na kidaftari chenye karatasi ile ile unayotumia kila siku. Hili la karatasi wengi hawalifanyi. Pale mezani wanakuwekea Rhodia, karatasi nzuri ya Kifaransa ambayo kila kalamu inapita vizuri juu yake, we toa ya kwako uone ukweli.

Sasa niwaambie kuhusu Parker 51. Kama umesoma nyumbani enzi zetu utakumbuka zile Hero za kichina, nibu imejificha ndani inaonekana ncha tu. Hilo umbo lilitoka kwa Parker 51 iliyoingia sokoni mwaka 1941. Mzee mmoja alikuwa na trei nzima: nyeusi, kijivu, damu ya mzee, na ile ya buluu inayokaribia kijani. Nkamwambia naandika nini na mkono gani, akapitisha kidole akaruka kama tano hivi akanipa moja ya kijivu, akafungua akanionyesha ndani. Kuna bomba la chuma lenye kibao cha kubonyeza, na ndani yake kifuko cha plastiki angavu. Akanieleza kwamba hizi za kuanzia 1948 wanaziita aerometric, na hicho kifuko hakiozi kama mpira, vingi bado vinavuta wino mpaka leo bila kubadilishwa chochote, wakati zile za kabla yake zina mfumo wa Vacumatic wenye kiwambo cha mpira ambacho lazima fundi akibadilishe kikichoka. Akachovya kwenye maji, akabonyeza mara kadhaa, akanionyesha imejaa, akaimwaga, akaifuta, ndo akanipa nijaribu na wino. Nkaandika kwenye karatasi yangu mbovu mstari mzima, mkono ukapita juu, haukuchafuka. Nkailipia palepale. Kwa mtu anayenunua kalamu ya zamani kwa mara ya kwanza mi siwezi kumshauri nyingine zaidi ya hiyo, ni imara, zilitengenezwa nyingi sana kwaiyo hazina bei ya kutisha, na nibu ile iliyofunikwa haikauki haraka ukiacha kifuniko wazi wakati mgonjwa anaongea.

Kama bajeti ni ndogo zaidi tafuta Esterbrook J. Zilikuwa kalamu za kimarekani za bei ya kawaida, na uzuri wake nibu inafunguka kwa kuzungusha unaweka nyingine. Kila nibu ina namba. Zinazoanza na 2 ncha yake ni chuma kilichokunjwa tu, zinazoanza na 9 zina kitone kigumu cha madini mengine kwenye ncha, hizo zinadumu, kwaiyo ukiona 2668 na 9668 ziko pamoja chukua 9668. Esterbrook inavuta wino kwa kiwenzo cha pembeni kinachobana kifuko cha mpira ndani, na huo mpira ukizeeka unakuwa mgumu. Kuna meza moja, sitaji, kalamu ilikuwa na kikaratasi kwamba imeshatengenezwa, nkagusa kiwenzo kwa ukucha hakikusogea, nkaacha hapohapo maana ukilazimisha unaweza kuvunja kalamu ya watu. Nkaomba kwa upole ajaze maji mbele yangu, akasema hapana nimwamini tu. Nkashukuru nkaondoka, meza ya tatu kutoka pale nkapata nyingine ya kijani na mwenyewe akajaza maji bila hata kuombwa. Neno limetengenezwa halina maana yoyote kama hujaona maji yanaingia na kutoka.

Na ile lenzi kazi yake ni hii: angalia mdomo wa kifuniko, nyufa nyembamba kama unywele hukaa hapo. Alafu angalia nibu kwa mbele, yale meno mawili yawe usawa mmoja na kile kitone cha ncha kiwepo pande zote mbili. Zile nyeusi za zamani sana za mpira mgumu zikibadilika rangi kuwa kahawia ni kwa sababu ya mwanga na unyevu, bado zinaandika, ila usizilowekee maji ukifika nyumbani, zitabadilika zaidi.

Adabu za mezani ni rahisi ila wanazijali sana. Omba kabla hujashika. Uliza kifuniko kinazungushwa au kinavutwa, usibahatishe. Usikichomeke nyuma ya kalamu maana kinaacha alama. Usichovye wino bila ruhusa, kalamu nyingine haijawahi kuguswa wino tangu itoke kiwandani na wino wako unashusha thamani yake. Ishike juu ya meza siyo juu ya sakafu, na kahawa yako iache mbali kabisa.

Fundi wa nibu ndo kilichonigusa zaidi. Hawa mafundi wana daftari la majina, linafunguliwa asubuhi na linajaa haraka, kwaiyo kama unamtaka mmoja wao huyo awe wa kwanza kabla hujaangalia kalamu yoyote. Niliandika jina nkaambiwa nirudi saa nane mchana. Nilipokaa akaniambia niandike kitu chochote kama nnavoandika siku zote, nkaandika kwa Kiswahili majina ya watoto na orodha ya vitu vya sokoni, na yeye maandishi wala hakuyaangalia, alikuwa anaangalia vidole na kifundo cha mkono. Akasema unaipindua kidogo kuelekea ndani, ndo maana inagoma. Akaichukua, akaiweka chini ya lenzi, akasukuma jino moja kwa ukucha wa dole gumba mpaka yakalingana, hiyo peke yake ikaondoa nusu ya tatizo. Alafu akaanza kuisugua kwenye msasa laini sana, anachora nane ndogo ndogo huku anaizungusha, sekunde chache tu, ananipa naandika, ananiuliza, anachukua tena. Tulienda hivo kama mara nne tano. Kila mara anatoa kidogo sana, na sababu yake alinieleza, kile kitone cha ncha ukishakitoa hakirudi, kwaiyo fundi mzuri ni yule anayesita. Nililipa dola 50 na leo ile Lamy inaandika nikiishika vyovyote. Wenzangu wa kushoto, kama mna hela ya kitu kimoja tu pale ndani, iwe hii, kabla ya kalamu mpya yoyote.

Wino na karatasi sitachukua muda, vyote vinapatikana mtandaoni bei ile ile. Ila kama kuna meza ya kujaribia wino kaa hapo kidogo, unachovya rangi moja moja unaona kwa macho, skrini ya simu inadanganya sana kwenye rangi za kijani na zambarau.

Chakula sasa. Hotelini sandwichi ni bei ya kuumiza na foleni ndefu, nilisikitika sana kuona watu wazima wamesimama pale saa zima. Beba chako na chupa ya maji, kale nje. Beba na sweta, Agosti huko nje ni joto la kukaanga lakini ndani eisii inapiga kama jokofu la samaki, na ukiwa unatetemeka huwezi kujaribu nibu. Viatu vya kutembelea.

Watu walikuwa wakarimu kwelikweli. Nilikuwa karibu mweusi peke yangu kwenye meza zile za kalamu za zamani na hakuna aliyenifanya nijisikie mgeni, mama mmoja mkusanyaji wa kalamu za Sheaffer aliposikia natoka Tanzania akanitolea kalamu zake ambazo haziuzwi akanifundisha kuzifungua moja moja. Nenda na maswali, wanapenda maswali.

Jumapili ndo siku ya punguzo lakini wengine huanza kufunga mapema mchana wawahi safari, kwaiyo usifike saa nane ukategemea kukuta kitu. Na wale mnaokuja kwa ndege kutoka Houston au Toronto, chupa nyingi za wino hazizidi mililita 100 zinapita kwenye begi la mkononi, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, na kalamu zisafirishwe zimejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu mpaka ndege itulie angani.