Kompyuta ya gemu imechoka: uongeze vifaa au ununue nyingine? Mpangilio wangu kwa watu wa Dodoma

Wakuu, swali hili naulizwa sana na vijana wa hapa Dodoma, hasa wa UDOM na wale wa mitaa ya Area D na Ipagala. Mtu ana desktopu ya ofisi aliyonunua used, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ilikuwa inacheza gemu freshi tu afu siku hizi inakwama, na wazo la kwanza linalomjia ni kuiuza kwa bei ya kutupa akusanye hela anunue nyingine. Mimi nasema tulia kwanza. Mara nyingi mashine nzima haijachoka, kilichochoka ni kifaa kimoja ndani yake, na ukikijua hicho kifaa unaokoa hela nyingi sana. Hapa chini nimepanga njia zote, kuanzia ya kufanya kwanza mpaka ya mwisho kabisa.

Kabla hujatoa hata shilingi fanya kipimo hiki. Fungua gemu inayokusumbua, angalia FPS zako, yani picha ngapi zinachorwa kwa sekunde, afu ingia kwenye setingi ushushe rezolushani mpaka 1280x720. FPS zikipanda sana ujue mzigo ulikuwa umemlemea GPU, yani kifaa kinachochora picha za gemu. Zikibaki palepale au zikapanda kiduchu tu, GPU yako haina kosa, shida iko kwenye prosesa au RAM, na hata ukinunua GPU ya milioni itakwama vilevile. Baada ya hapo fungua Task Manager gemu ikiwa inaendelea, uone RAM imejaa kiasi gani na diski inahangaika kiasi gani. Ni kipimo cha bure na cha dakika chache, kwaiyo fundi akikwambia "we nunua tu GPU" bila kukifanya, mwambie akifanye kwanza mbele yako.

Namba moja: usafi, SSD na RAM. Hii ni ya kila mtu, hata yule ambaye kichwani ameshaamua kununua mashine nyingine, kwa sababu SSD, ile diski ya kisasa ya haraka, utahama nayo. Tuanze na vumbi maana Dodoma tunalijua, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hakuna, upepo unavuma, na lile vumbi laini jekundu linapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Fungua ubavu wa OptiPlex, toa feni ya prosesa uchungulie nyuma yake kwenye yale mapezi ya alumini, utakuta vumbi limejishona kama blanketi na hewa haipiti kabisa, upande wa mbele unaweza kuonekana msafi tu ila nyuma pameziba. Prosesa ikipata moto inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, na dalili yake ni kwamba gemu inaanza vizuri kabisa afu baada ya dakika kumi au kumi na tano ndo inaanza kukwama. Safisha kwa brashi laini na blowa, ila feni ishike kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, futa ile pesti iliyokauka juu ya prosesa uweke mpya. Kuna watu wameishia hapohapo na mashine ikarudi kama zamani.

SSD haikuongezei FPS nyingi, nisikudanganye, ila inaondoa zile kwama za ghafla gemu inapovuta ramani mpya, na Windows inawaka haraka. Hard disk ya zamani inasoma kama MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD ya SATA inasoma karibu MB 500, na hii ya SATA inaingia hata kwenye mashine ya mwaka 2012. Ushauri wangu chukua ya GB 500, ile ya 256 utaijutia mapema kwa sababu ya bando, GTA V peke yake siku hizi inakula zaidi ya GB 100, ukiweka gemu mbili tu umejaa, unaanza kufuta halafu mwezi ujao unaipakua upya, hela ya SSD kubwa inaishia kwenye bando.

Kwenye RAM lenga GB 16, na ziwe vipande viwili vya GB 8, sio kimoja cha 16, vikiwa viwili prosesa inasoma vyote kwa pamoja na utofauti unauona hasa kama unatumia grafiksi za ndani ya prosesa. Hapa kuna jambo muhimu la wakati huu: tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM mpya zimepanda sana duniani, watengenezaji wanapeleka chipu nyingi kwenye seva za akili bandia, na DDR5, aina mpya ya RAM, ndo imeumia zaidi japo DDR4 iliyotangulia nayo haikupona. Hii peke yake ni sababu ya kutokukimbilia mashine mpya. Ukiwa na mashine ya DDR3, aina ya zamani zaidi, zile RAM used zilizotolewa kwenye mashine za ofisi bado zinapatikana kwa bei inayovumilika.

Namba mbili: GPU ndogo isiyohitaji waya wa umeme. Hii ni ya mwenye mashine ya tower, yani lile boksi kubwa, lenye prosesa ya Intel kizazi cha 4 kwenda juu, ambaye kile kipimo kimemwonyesha kwamba GPU ndo tatizo. Kizazi unakisoma kwenye namba, i5-4590 ni cha 4, i5-8500 ni cha 8. Kwa nini naanzia cha 4? Kwa sababu kizazi cha 3 na cha 2 hazina AVX2, yani amri fulani za ndani ya prosesa, na baadhi ya gemu za sasa hazifunguki kabisa bila hiyo, kwaiyo muuzaji akikusifia i7-2600 eti ni i7, isikutishe, i3-8100 inaiacha kwenye gemu nyingi.

Sasa nasisitiza "isiyohitaji waya" kwa sababu pawa saplai za hizi mashine za ofisi ni ndogo, ya OptiPlex 9020 tower ni wati 290 na haina waya wa GPU, tena kiunganishi chake kwenye maza (motherboard) sio kile cha kawaida, kwaiyo kubadilisha pawa saplai sio kwenda dukani tu na kuchukua yoyote. Sloti ya GPU inatoa mpaka wati 75. Kadi zinazoishi humo ni GTX 1050 Ti ya GB 4, GTX 1650 za matoleo yasiyo na tundu la waya, na RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70, hiyo ndo kubwa yao ila kwa prosesa ya kizazi cha 4 utakuwa umelipia nguvu ambayo hutaitumia yote. Mimi ningempa mwenye kizazi cha 4 1050 Ti au 1650 akacheze GTA V, eFootball na Valorant kwa raha. RX 6400 watu wanaipenda maana ni ndogo na inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, yani ile sloti ya GPU, na kwenye maza ya zamani yenye PCIe 3 inapoteza nguvu, iache. Na tafadhali usikubali fundi akuwekee RX 580 yenye wati 185 kwa kuunga adapta kutoka waya wa SATA, ule waya umetengenezwa kubeba wati 54 hivi, plastiki inayeyuka na unaweza kupoteza kila kitu mpaka nyumba.

Kwenye kununua GPU used ndo watu wanapigwa sana, kwaiyo nikae hapa kidogo. Kuna kadi feki, kadi ya zamani kama GTX 550 Ti inabadilishwa bayosi, ile programu ndogo ya ndani ya kifaa, ikajitambulisha kwamba ni GTX 1050 Ti, na Windows inaamini kabisa, ukifungua setingi unaona jina zuri. Beba flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ya bure na haihitaji kuinstolu, iendeshe hapohapo dukani. 1050 Ti halali inaonyesha Shaders 768 na basi ya 128 bit, ukiona 192 hapo rudisha kadi taratibu uondoke, na GPU-Z yenyewe kadi nyingi feki huwa inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Hata kabla hujaichomeka igeuze uangalie nyuma, chipu za familia ya GTX 10 hazitoi VGA, kwaiyo ukiona lile tundu la bluu la VGA kwenye 1050 Ti shtuka. Afu omba iwekwe gemu au programu ya kuitesa kwa robo saa, uangalie kama feni zinazunguka zote na kioo hakitoi mistari. Muuzaji muungwana hakatai hilo, anayekataa amekujibu tayari. Na kama kioo chako nyumbani ni cha VGA nunua adapta inayobadilisha kutoka HDMI, usije ukafika Nkuhungu usiku na kadi nzuri huna pa kuichomeka.

Wenye boksi nyembamba, lile la SFF, nyie mnahitaji kadi fupi ya low profile na kile kibati chake kifupi, na huwa bei yake iko juu kuliko ya kawaida. Kwenu namba mbili inashuka, piga hesabu na namba nne kwanza.

Namba tatu: kubadilisha prosesa tu. Hii inawahusu wachache, ila wanaohusika wana bahati kubwa. Ukiwa na maza ya AMD ya soketi AM4, zile zilizoanza na Ryzen za 2017, B350 au B450 kwa mfano, unaweza kuupdeti bayosi ukatoa Ryzen 5 1600 ukaweka Ryzen 5 5600, maza ileile, RAM ileile ya DDR4. Ni ruka kubwa sana. Angalia tu kwenye tovuti ya watengenezaji wa maza yako kama prosesa unayoitaka ipo kwenye orodha, na bayosi updeti umeme ukiwa wa uhakika au una UPS, ukikatika katikati maza inaweza kufa. Kwa Intel raha hii hakuna, kizazi cha 6 na 7 wana maza zao, cha 8 na 9 maza zao, japo soketi kwa macho zinafanana.

Namba nne: tower nyingine used, vifaa vyako vikihamia humo. Hii ni ya mwenye kizazi cha 2 au 3, mwenye boksi nyembamba, au mwenye maza iliyoanza kusumbua. Kanuni yangu ni rahisi, jumlisha kila kitu unachotaka kuongeza kwenye mashine ya zamani, ikifika nusu ya bei ya mashine ya kizazi cha 8, acha, nunua hiyo. Tafuta OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 ya tower yenye i5-8500, hiyo ina kori sita. Kizazi cha 8 nakitaja kwa makusudi, Windows 10 ilimaliza sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi kwa Intel inaanzia kizazi hicho, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vitu vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa. SSD na GPU unahama navyo, RAM ya DDR3 haiingii kwenye maza ya DDR4, hiyo iache iuzwe na mashine ya zamani.

Wapi? Anza na maduka ya hapa mjini, yale ya One Way na karibu na Nyerere Square, hata kama bei imezidi kidogo unamrudishia mtu mkononi ikigoma. Kariakoo chaguo ni kubwa, na tangu SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini weka nauli zote mbili kwenye hesabu, na risiti iandikwe siku za waranti na modeli kamili, sio "desktop moja".

Namba tano, laptopu ya gemu used. Mwenye kukaa hosteli au anayehama hama namwelewa, na umeme ukikatika una betri. Ila GPU yake imegandishwa kwenye maza, ikifa imekufa, na joto la Oktoba la hapa kwetu linazitesa sana, kwaiyo ukiipenda iteseni dukani nusu saa ukiwa umeweka mkono juu ya kibodi.

Namba sita, kuunganisha mpya kabisa. Kwa bei za RAM za sasa ningesubiri, labda kama gemu ni kazi yako. Anayetaka lazima, achukue Ryzen 5 5600 na RX 6600 kwenye AM4, aweke hela kwenye pawa saplai nzuri. Mashine inayokula wati 300 kwa masaa manne kila siku inamaliza yuniti 36 kwa mwezi, na kama nyumbani mpo kwenye lile kundi la matumizi madogo la yuniti 75 hiyo ni karibu nusu yake, ongea na wazazi au mwenye nyumba mapema.

Na kama unachocheza ni mpira tu na washkaji jioni, PS4 used yenye padi mbili inaweza kukutosha bila haya yote.

Ukinunua tower mbali, iwe Dar au Morogoro, kabla ya kuipandisha kwenye basi au treni chomoa GPU, ifunge kwenye kitambaa uibebe kwenye begi la mgongoni, na boksi lilale ubavu maza ikiwa chini. Ikibaki imechomekwa, mitikisiko ya njiani inavunja sloti, na hiyo waranti ya muuzaji haiigusi.