Pakiti ya picha za wafalme na ramani: kadi moja imeniteka kabisa

Wandugu, jambo! Karibuni tena, tuko Lubumbashi, na leo sifungui boksi mbele yenu. Pakiti mnaijua: kadi ngumu za A4, picha za zamani zilizogawanywa mafungu manne. Mali za wafalme, wanamuziki, ramani, miungu na mashujaa wa hadithi. Karatasi nzuri, wino mzuri, tuendelee.

Nawaletea hii. Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona? Lukasa! Ubao wa kumbukumbu wa Waluba, wa hapa kwetu Katanga, na wameuchapa kwa ukubwa wake halisi. Tazameni: pana juu, pana chini, katikati umebanwa. Wenyewe waliushika kwa mkono wa kushoto, hivi, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapita juu ya shanga polepole. Huu ushanga mkubwa uliozungukwa na vidogo huweza kuwa mfalme na watu wake. Huu mstari huweza kuwa njia, safari ya mtu. Sasa nawasha taa ya simu kwa ubavuni... angalieni kivuli cha kila ushanga! Hata ufa wa mti unaonekana, hapa chini kushoto.

Watu wa chama cha Mbudye ndio waliofundishwa kuusoma. Kidole kikitembea, mdomo unasimulia, wimbo unapanda: Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, kisha Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, aliyemshinda Nkongolo na kushika ufalme. Basi niambieni, kwa nini wameiweka kwenye fungu la mali za wafalme peke yake? Ni ramani hii. Ni hadithi hii. Na iliimbwa! Ingestahili kusimama mbele ya mafungu yote manne.

Na kinachoniudhi kiko nyuma. Geuza: mistari miwili. Miwili tu! Chukua kadi ya Beethoven, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, ule mchoro wa Stieler wa 1820, skafu nyekundu, penseli mkononi, karatasi za Missa Solemnis, misa aliyoitunga: maelezo yamejaa ukurasa. Beethoven nampenda sana, lakini mtoto wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, anunuliwe pakiti hii asome mistari miwili juu ya Waluba? Hapana, wachapishaji, rekebisheni.

Ramani nazo, haraka haraka. Atlasi ya Kikatalani, ramani ya dunia ya 1375, imetoka vizuri. Mansa Musa, mfalme wa dola ya Mali ya Afrika Magharibi, ameketi na taji, dhahabu mkononi, rangi zinawaka. Ile ya mchora ramani Mercator ya 1569 ina hila yake: inavuta nchi za kaskazini hadi Greenland inaonekana kubwa kuliko Kongo yetu. Kongo ina kilomita za mraba kama 2,345,000, Greenland kama 2,166,000! Walimu, waonyesheni wanafunzi hiyo.

Miungu ya Wagiriki nairuka, picha zake zimekolea giza mno.

Jiungeni na chaneli, papa na mama, msibaki nje.

Bei sasa. Hapa mjini nimeiona kwa dola 20, nami nimelipa 15 baada ya kubishana. Kuna pakiti nyingine ya dola 9, nayo nimeishika: lukasa yake imepunguzwa ikawa ndogo kama stempu, shanga huzioni. Najua picha za zamani namna hii nyingi zinapatikana bure intaneti, ila hesabu megabaiti, hesabu na kuchapa kwa rangi kadi kwa kadi. Kwa 15 ichukue. Kwa 20 mwambie muuzaji akupunguzie, na kabla ya kulipa fungua ukague kadi ya lukasa, maana kwenye pakiti moja dukani niliikuta imekunjwa kona.