Kabla ya Kununua Drumu za Umeme Mwanza, Kanyaga Kwanza Pedali ya Haihati

Wapiga drumu wa kwaya na bendi, kuanzia Kirumba na Igoma hadi Nansio, wanaleta lalamiko moja. Drumu ni mpya, pedi za wavu ni laini, snea inalia vizuri, lakini haihati, yaani matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa pedali ya mguu, inajua mambo mawili tu: kufunga na kufunguka. Wimbo ukiingia kwenye sebene, pale mguu unapolegea kidogo ili toazi lipumue, sauti inaruka kutoka "chik" kavu hadi "shaaa" ya kujaza kanisa zima. Mkanyagaji hana kosa. Tatizo liko kwenye pedali, na lilikuwepo tangu siku ya kununua, ila mnunuzi aliuliza idadi ya sauti, akauliza pedi ni ngapi, akalipa.

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga drumu kwa haihati. Idadi ya sauti siishughulikii kabisa. Hakuna kwaya inayotumia seti zaidi ya tatu au nne kwa mwaka mzima, na sauti bora kuliko za moduli (kisanduku cha drumu kinachotoa sauti) yoyote ya bei ya kati zinapatikana kwenye kompyuta.

Kinachotokea chini ya mguu

Pedali za haihati ziko za aina mbili. Ya kwanza ni swichi: imegusa au haijagusa, basi. Ya pili inapima mguu umeshuka kiasi gani. Katika nyingi za aina hiyo, kipande cha raba kinabonyeza utepe wenye kaboni. Kadiri unavyokandamiza ndivyo ukinzani wa umeme unavyobadilika, na moduli inageuza badiliko hilo kuwa namba kati ya 0 na 127. Namba hiyo husafiri kama ujumbe wa MIDI, lugha ambayo ala za umeme huzungumza na kompyuta na zenyewe kwa zenyewe, unaoitwa CC 4. Kwa kawaida 0 ni haihati iliyo wazi na 127 ni iliyofungwa. Zipo moduli zinazofanya kinyume, lakini programu nyingi za drumu zina sehemu ya kugeuza.

Utepe huo huchakaa. Raba ikilika au vumbi likiingia, haihati huanza kufunguka yenyewe katikati ya wimbo ilhali mguu umekandamiza. Mara nyingi kufungua pedali na kupangusa utepe kwa kitambaa kisicho na nyuzi, chenye spiriti kidogo, kunaurudishia uhai. Raba iliyolika haina dawa, inabadilishwa.

Kilicho bora zaidi ni haihati inayokaa kwenye stendi halisi na kupanda na kushuka kama ya shaba, huku kipimo kikiwa chini ya toazi. VH-10 ya Roland ni ya namna hiyo. Mguu unapata uzito wa kweli, na nusu wazi inakaa pale unapoiweka.

Kuhusu "hii ni MIDI 2.0"

Baadhi ya wauzaji wameanza kuongeza bei kwa maneno haya, kwa hiyo tuyaweke sawa. MIDI ya kwanza ilitoka 1983. Kwenye waya wake wa pini 5 inakwenda kwa biti 31,250 kwa sekunde. Pigo moja la drumu ni baiti 3, yaani biti 30 zikiwa njiani, na hilo huchukua karibu milisekunde 1. Ukipiga kiki (drumu kubwa ya mguu), snea na toazi kwa mpigo mmoja, la mwisho linachelewa kama milisekunde 2 nyuma ya la kwanza. Hakuna sikio la kwaya litakalolalamika.

MIDI 2.0 ilipitishwa Januari 2020. Nguvu ya pigo, ambayo zamani iligawanywa ngazi 127, sasa inaweza kugawanywa ngazi 65,536. Namba za pedali zimepanuliwa hadi biti 32, na vifaa viwili vinaweza kuulizana kila kimoja kinaweza nini. Ni maendeleo makubwa, na mpiga drumu atayafurahia siku pedi, moduli na programu zote zitakapoyazungumza. Lakini pedali ya swichi ina majibu mawili tu. Ukiyapitisha kwenye ngazi 128 au ngazi bilioni nne, yatabaki mawili. Muuzaji anayetaja MIDI 2.0 kwenye drumu ya bei ya chini, mwombe akuonyeshe maneno hayo kwenye kitabu cha maelekezo cha kampuni. Stika ya kwenye boksi haitoshi.

Kipimo cha dakika tano dukani

Beba simu ya Android, kiunganishi cha OTG kinachoiwezesha simu kupokea waya wa USB, waya wa USB wenye kichwa cha mraba kama wa printa, na programu yoyote ya bure inayoonyesha ujumbe wa MIDI. Washa moduli na uunganishe.

Piga snea kwanza. Itokee noti 38, ambayo ni namba ya snea kwenye MIDI, pamoja na nguvu ya pigo. Piga polepole ukiongeza: namba ipande kwa hatua ndogo ndogo, isibaki ikirukaruka kati ya 60, 90 na 127.

Sasa haihati. Shusha pedali taratibu, hesabu moja hadi kumi kabla ya kufika chini, macho yakiwa kwenye CC 4. Ukiona 0, 6, 13, 21 na kuendelea hadi 127, hiyo inapima. Ukiona 0 kisha 127, ni swichi. Rudisha waya mfukoni. Ikiwa inapima, tuliza mguu katikati na upige toazi mara kumi. Namba ikitikisika kwa 1 au 2 hakuna shida. Ikitikisika kwa 20, utepe umechoka au soketi imelegea, hata kama drumu imetoka kwenye nailoni leo.

Jambo moja zaidi ambalo huwachanganya watu wakishafika nyumbani. Roland hutuma noti 42 na 46 ukipiga juu ya haihati, lakini ukingoni hutuma 22 na 26. Alesis Nitro hutuma 23 kwa nusu wazi. Mpangilio wa kawaida wa General MIDI wa 1991 unaanzia noti 35. Ukitumia sauti za kinanda au programu iliyofuata mpangilio huo, mapigo hayo yanapotea kimya, na mtu anadhani pedi imekufa. Pedi ni nzima. Ingia kwenye moduli, ubadilishe 22 iwe 42 na 26 iwe 46.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni Roland TD-17KVX, na sioni haya kusema napendelea Roland. VH-10 iko ndani ya boksi, snea ni ya wavu ya inchi 12, na moduli ina USB na Bluetooth pamoja na tundu la MIDI OUT la pini 5. Fahamu kwamba stendi ya haihati, pedali ya kiki na kiti hununuliwa kando. Vitie kwenye bajeti kabla ya kumpigia muuzaji. Ukiifunga, ipange VH-10 kwanza: legeza skrubu inayoshika toazi, liache likae lenyewe juu ya kipimo, ingia kwenye menyu ya haihati, uanzishe upimaji na usubiri sekunde chache bila kugusa chochote. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosema VH-10 ni mbovu.

Ya pili ni TD-07KVX. Haihati ni ileile ya VH-10 na Bluetooth ipo, ila haina tundu la pini 5. Kwa anayefanya mazoezi chumbani Nyegezi na kurekodi kwenye laptopu, hii inamtosha kabisa.

Nafasi ya tatu naipa Octapad SPD-30, kwa bendi isiyo na nafasi jukwaani. Siyo seti kamili, lakini ina pedi 8, ina tundu la pedali ya haihati, na MIDI IN na OUT za pini 5 zipo zote. Chini ya paa la bati, pamoja na pedi ya kiki ya kuongeza, inafanya kazi ya kweli.

Yamaha DTX402K inafuata. Ni imara, ila haihati yake imekaa palepale, mguu uko mbali nayo, na kiki ni pedali isiyo na nyundo. Mtoto anayejifunza ataizoea, kisha atapata shida akikalia drumu za kanisa.

Alesis Nitro: pima pedali kwanza, nunua ikifaulu. Drumu za kukunja za mpira siziweki kwenye orodha.

Matundu ya nyuma

Kwaya nyingi zina kinanda na zinataka kukiunganisha na drumu bila kompyuta. USB ya mraba ya drumu na USB ya mraba ya kinanda hazizungumzi. Zote mbili zinasubiri mwenyeji, yaani kompyuta au simu, na hakuna anayeanza kuongea. Hapo ndipo pini 5 za mwaka 1983 bado zinahitajika: OUT ya drumu iende IN ya kinanda, na kinanda kipokee kwenye chaneli 10, ambayo kwa kawaida ni ya drumu. Kama kifaa kimoja hakina tundu hilo, utalazimika kununua kiboksi cha kati chenye USB ya mwenyeji.

Bluetooth itumie kwa kupanga na kujifunzia. Ibadani tumia waya.

Umeme na safari

Soma adapta kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, imeletwa kwa ajili ya Marekani, na 230V yetu itaiunguza mara moja. Tafuta 100-240V. Angalia pia mchoro wa ncha: adapta za Roland za 9V kwa kawaida zina hasi katikati, kampuni nyingine huweka chanya. Kuazimana adapta kati ya kwaya mbili kumeshaua moduli nyingi.

Na hili linauma. Drumu inatoka Dar es Salaam kwa basi, muuzaji ameshapokea hela yote, boksi linashuka stendi ya mabasi likiwa limebonyea, na jibu la simu ni kwamba mali ikishatoka dukani haimhusu. Bei alipandisha akisema ni usafiri na bima. Basi dai risiti inayotaja kila kipande kwa jina na namba ya toleo, siyo "seti ya drumu 1". Lipia sehemu, nyingine baada ya kufungua. Fungua boksi palepale stendi, piga picha, na anza na kiunganishi kikubwa cha pini 25 kinachoingia kwenye moduli: pini moja ikipinda, pedi moja haitasikika, na waya huo mzima ni mgumu kuupata Mwanza. Kisha itoe pedali ya haihati, uhakikishe ni ileile uliyoijaribu au iliyoandikwa kwenye risiti. Pedali ya kampuni moja haitegemewi kwenye moduli ya kampuni nyingine, hata kama plagi inaingia vizuri.